Bunduki Fupi ya Buko

Polisi tuliyemkodi mwanzoni alikuwa na bunduki ndefu, na bunduki ndefu ina shida zote za mgeni mrefu ndani ya nyumba ndogo. Ilipoingia kwenye kabini iligonga kioo. Ilipogeuka ilinichoma mbavu. Nikitaka kuweka gia ya tatu ilibidi nimwombe afande ainue mtutu kwanza, na afande akiwa amelala, tulipanda kilima kwa gia ya pili mpaka aamke mwenyewe.

Nina Canter kuukuu ambalo rangi yake ya kwanza haijulikani tena. Linatoka Likasi kwenda Kapolowe na kurudi na mahindi, makaa, na hasa samaki wakavu wa akina mama wa kule. Canter lenyewe si mtaji wangu. Magari mabovu Likasi yako mengi kuliko mafundi. Mtaji wangu ni kwamba wale mama walinikabidhi vikapu vyao na kubaki nyumbani. Kwa madereva wengine walipanda juu ya mizigo, wakakalia mali yao kama kuku wa mayai, na vumbi lote la barabara likawaingia. Kwangu walisema tu, “Papa Canter, vyetu ni hivi,” wakaenda shambani. Jioni vikapu vilifika sokoni Likasi kwa dada zao, hesabu ileile. Nilihesabu mara mbili, kupakia na kushusha, na njiani nikipata nafasi nilihesabu tena kwa kioo cha pembeni. Katika biashara yangu kuna watu wana magari mapya, kuna watu wana wajomba wakubwa serikalini. Mimi nilikuwa na hilo tu.

Kisha watu wenye mapanga wakatusimamisha kwenye kona, mchana, wakashusha vikapu vinne bila haraka, kama watu waliovinunua. Niliporudi Kapolowe, akina mama walikuwa wamekwisha kukaa kikao. Mkubwa wao, mjane mmoja mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng’ambo ya maji, ndiye aliyesimama mbele yangu.

“Papa Canter, weye hatukuombe kupigana. Tunakuona vile uko. Tafuta bunduki ikae mu gari. Kama haiko, tutatafuta gari ingine.”

“Bunduki iko na mwenyewe, mama. Na mwenyewe iko na tumbo.”

“Basi tutamupa samaki.”

“Kila safari?”

“Kila safari. Lakini kichwa tu. Mukia tunauzisha.”

Ndivyo nilivyompata yule polisi. Baada ya wiki chache za kugombana na gia nilimhamishia juu ya magunia, alale huko kwa nafasi. Naye, kwa busara, akaifunga bunduki yake kwa kamba ya mzigo isije ikaanguka. Siku vijana waliporukia nyuma ya gari kwenye kilima, aliamka vizuri kabisa, akaishika bunduki vizuri kabisa, na bunduki haikutoka kwenye kamba. Alivuta, akajaribu kufungua fundo, likakazana. Wale vijana walikuwa wakipeana vikapu mkono kwa mkono. Mmoja akamwambia, “Polepole, chef, utaumia kidole.” Hayo alinisimulia mwenyewe, maana mimi mbele sikusikia kitu. Nilijua tu gari limekuwa jepesi.

Hapo ndipo alipoingia buko wangu.

Buko ni kaka mkubwa wa mke wangu, naye huniita buko vilevile. Kwingine wangesema shemeji, lakini shemeji ni neno jepesi, unaweza kulitupa barabarani kwa mtu yeyote. Buko ni uzito. Akija, unampa kiti chenye mgongo. Akisema, hubishi. Analoleta hulifungui mbele yake, na begi lake huligusi hata likiwa njiani kwako: unalizunguka. Na juu ya yote, na buko hamvutani bei. Mimi niliyewahi kupunguziwa bei ya jeneza, nikaomba na misumari iwe bure, mbele ya mtu huyu nilikuwa sina mdomo. Alikuwa amenipa dada yake. Ukishapewa mtu, utaanzaje kuomba upunguziwe kitu kingine?

Alikuwa amevaa sare ya askari miaka kadhaa, akaivua kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzitaja mezani. Alikuja Jumapili baada ya misa. Tulikula bukari, ugali wetu wa huku, tukanawa, watoto wakatolewa nje. Akafungua kikwembe juu ya mapaja yake.

“Buko, angalia. Hii ni bastola. Lakini inakula chakula ya bunduki.”

“Mutoto anayekula bukari ya wakubwa,” nikasema.

“Voilà.”

Ilikuwa kitu cha ajabu. Ilishikwa kwa mkono kama bastola, kitako cha kuegemeza begani haikuwa nacho, na mtutu wake uliishia mapema, kama sentensi ya mtu aliyekatizwa. Lakini risasi aliyoniwekea kiganjani haikuwa ile ya bastola, fupi na nene kama kidole gumba. Ilikuwa ya bunduki ya askari, ndefu, yenye mabega na shingo. Magazini yake, ule mkebe wa risasi, ilining’inia chini kuliko silaha yenyewe. Kwa hiyo ilikuwa fupi kuliko bunduki, ndefu kuliko bastola, kama suruali ya mtoto anayekua: haimtoshi wa jana wala wa kesho.

“Askari wetu wanabeba ndefu kwa sababu wanatembea mu pori,” buko akasema. “Weye unakaa mu kabini. Mwizi anakuja mpaka ku mulango. Utapima nini? Unainua tu. Na risasi zake haziko ngumu kupata. Kila mwenye sare anazo.”

Alizipata kwa mwenye sare gani, sikuuliza. Karatasi ya kuruhusu kitu kile iko wapi, sikuuliza pia. Ninayehesabu mara mbili hata mayai ya kuku wangu mwenyewe, siku ile sikuhesabu hata mara moja. Kifaa kilikuwa kwenye kikwembe, kikwembe kilikuwa kwenye mapaja ya buko.

Ila niliomba tukaijaribu. Sikusema “kuijaribu”. Nilisema ningependa kuona buko anavyopiga, kama mtu anayeomba wimbo. Alifurahi. Tukaenda upande wa Kakontwe, kwenye shimo la zamani ambalo halichimbwi tena. Kule jirani bado wanapasua mawe ya chokaa, na mlipuko mmoja zaidi haumshtui hata kuku. Nikaweka bidoni la njano, dumu tupu la mafuta, juu ya jiwe, umbali wa mtu kumtupia mwenzake ufunguo.

Alipiga. Bidoni likabaki limekaa vilevile kwa heshima. Lakini mbele ya mtutu ulitoka moto mkubwa, kama mtu amemwaga petroli kwenye mbabula ya makaa, na masikio yangu yakajaa kengele za kanisa zote kwa pamoja. Mkono wa buko ulikuwa umepanda hadi juu ya kichwa chake. Akacheka, akapiga tena, ukuta wa chokaa ukamwaga unga. Akanipa mimi. Sijui nilipiga nini. Nakumbuka tu kwamba kiganja kiliniwaka, na bidoni lilipoanguka hatimaye, nadhani lilikuwa limechoka kusimama.

Nilielewa bila kufundishwa. Baruti ya ile risasi imepimwa kwa mtutu mrefu, iungue yote njiani, isukume. Hapa njia ilikwisha kabla baruti haijaiva, nyingine ikaenda kuungulia nje, kwenye nyuso za watu. Ni kupika bukari ya familia ndani ya kikombe cha chai: itaiva kidogo, nyingi itakuwa mezani. Na bega, ambalo ndilo linalomeza teke la bunduki, halikuwamo katika mpango. Teke lote liliachiwa mkono.

Lakini mimi ni mtu wa biashara, nikaweka na upande wa pili kwenye mizani. Kabini ya Canter ni ndogo. Ile ndefu, ili kuigeuza, ungefungua mlango kwanza na kumwomba mwizi asogee. Hii iligeuka kama kijiko. Kwa umbali wa mlango kulenga si kitu, na ule moto, hata usipompiga mtu, utamfanya akumbuke sala zake. Nikaona inafaa. Kwa kazi moja, mahali pamoja, inafaa. Niliikatia hata utepe wa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, ule mwekundu, nikauzungushia mpini ili usiteleze na usichome, nikamalizia na fundo langu la kufungia magunia. Buko alilisifu fundo.

Basi akawa anasafiri nami, kiti cha dirishani, begi lenye ile silaha chini ya kiti. Nilimpa gunia la mahindi safari hadi safari, na akina mama waliongeza vichwa vya samaki. Mjane aliniuliza siku moja, “Iko wapi ile bunduki?”

“Iko.”

“Hatuione.”

“Njo kazi yake, mama. Ni fupi.”

“Ya polisi tulikuwa tunaiona.”

“Na wezi waliiona pia, ikawasaidia nini?”

Akina mama walicheka, nami nikajiona mjanja. Ndilo neno ambalo ningelirudisha kinywani kama ningeweza.

Barabara ilitulia. Siyo kwa wote, kwetu. Gari moja lilisimamishwa, kisha lingine, likaja la tatu, na sisi tulipita kama padri. Wanawake waliokuwa wakipakia kwa wengine wakahamia kwangu. Nikawa nafunga turubai juu ya mzigo uliozidi kimo cha kabini, na pale kwenye bariyeri, pale kamba inapovutwa katikati ya barabara, wale askari walinijua, wakaiangusha kamba kabla sijasimama. Nani atapekua gari la baba wa samaki, ambaye mke wake anaimba kwaya? Mara nyingine buko alishuka Kapolowe, akasema ana shamba la kutazama, au alibaki Likasi akasema ana msiba, akaniagiza: “Begi liache mulemule, buko. Utanipatia kule.” Nililipeleka. Sikulifungua. Nililizunguka hata ndani ya gari, nikikanyaga klachi kwa upande.

Kisha giaboksi ya Canter ikafa. Fundi aliitandaza juu ya gunia, akaitazama kwa huzuni ya mtu anayepandisha bei. Nikakaa Likasi. Buko alikuwa Kapolowe, na begi nilikuwa nimempelekea safari iliyotangulia.

Gari lilipopona nilikwenda, na mjane hakuja kunilaki. Nilimkuta nyumbani kwake, amekaa nje, bega limefungwa kitambaa. Nilimsalimia. Hakuitika. Nikamzunguka upande wa pili, nikamsalimia tena, akageuka.

“Semea huku,” akasema. “Ile sikio ingine haiko inasikia.”

Alikuwa ameshindwa kusubiri giaboksi yangu, soko halisubiri. Alipakia kwenye gari la mtu mwingine, akapanda juu kukalia vikapu vyake. Kwenye kona wakatoka watu watatu. Wawili walikuwa na mapanga. Wa tatu alipanda juu ya mzigo, na mjane alipokumbatia kikapu chake, yule akamfyatulia risasi pembeni ya kichwa.

“Bastola?” nikauliza.

“Sijui jina yake. Kabunduki kafupi, Papa Canter. Kafupi vile, na kelele ya mutu mukubwa. Moto ulitoka mbele ukanishika bega, kikwembe ikaungua. Unajua kitu kimoja nilikiona? Nilikiona kwa karibu kama hii mukono yangu. Kamefungwa mupira mwekundu ku mupini yake. Kamefungwa muzuri, kama mutoto wanamufunga dawa.”

Nilimwomba arudie. Alirudia. Fundo hakulitaja, nisingeweza kumuuliza juu ya fundo.

Kumbuka hili, maana mimi nililikumbuka palepale nikiwa nimechuchumaa mbele yake: akina mama wale hawakuwahi kuiona ile bunduki. Walisafirisha samaki wao juu yake miezi yote ile, walilipa vichwa vya samaki kwa ajili yake, lakini walikuwa hawaijui sura. Kwa hiyo mjane alinieleza mpini wangu mwenyewe, mpira wangu mwenyewe, na usoni mwake hapakuwa na shaka yoyote juu yangu. Kama ningenyamaza, hakuna mtu duniani angejua. Aliniambia hata pole kwa ajili ya giaboksi.

“Ungekuwako weye na ile yenu,” akasema, “hawangetugusa.”

Niliendesha kurudi Likasi bila kusikia injini. Mlinzi anataka aonekane. Ndiyo sababu anavaa buti kubwa, anasimama mlangoni, anakohoa. Bunduki ndefu ya yule polisi, pamoja na usingizi wake, ilikuwa inasema jambo moja barabarani: hapa pana mtu. Kitu ambacho faida yake yote ni kuingia kwenye begi, kukaa chini ya kiti, kupita kwenye bariyeri bila kuulizwa, hicho kinamfaa nani? Hesabu ni rahisi. Kijana wa kuuza maji ya mifuko angeipiga kichwani. Lakini mimi nilipima moto, nikapima teke, nikapima nafasi ya gia, na mtu aliyeileta sikumpima, kwa kuwa ni buko na buko hapimwi.

Nilimkuta kwangu, kwenye kiti chenye mgongo, anakula njugu. Begi lilikuwa miguuni pake. Sikukaa.

“Buko,” nikasema, “kuna mama mumoja Kapolowe ameungua bega.”

Alimenya njugu nyingine. “Nilisikia. Ni mambo mubaya.”

“Alinielezea bunduki.”

“Mama wanaelezea mingi.”

“Alinielezea mupira.”

Hapo alinitazama. Nilitegemea hasira, au uongo mzuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo mzuri, nilikuwa nimekwisha kuufikiria na bei yake. Badala yake alinitazama kwa upole, jinsi unavyomtazama mtu wa nyumbani aliyechelewa kuelewa.

“Sikia, buko. Hebu nikuulize. Gari yako ilikuwa inajaa zamani?”

Akajijibu mwenyewe.

“Haikuwa inajaa. Na sasa inajaa mpaka unafunga turubai. Ni nani aliyeijaza? Wale waliopanda gari ingine waliibiwa, wakakimbilia kwako. Yako haikuguswa hata siku moja. Minye niliichunga. Uliona unapata, ukafurahi, haukuuliza. Sasa unaniuliza juu ya mama mumoja mwenye alipanda gari ya mutu?”

“Alipanda kwa sababu yangu ilikuwa imekufa.”

“Njo vile. Minye ningejuaje atapanda siku ile?” Akafuta vidole. “Na nani alipitisha begi ku bariyeri? Minye? Minye nilikuwa msibani.”

Nimewahi kuibiwa na watu wengi. Nimeibiwa kwa mizani ya jiwe jepesi, kwa gunia lenye mchanga katikati, kwa noti iliyobandikwa nusu. Kila mara mwizi alijificha kidogo, na katika kujificha kwake kulikuwa na heshima: alikubali kwamba ningemkamata. Huyu hakujificha. Alikuwa amenipa sehemu yangu kabla sijaiomba, nami nilikuwa nimeila. Mpaka leo sijui kama alinicheka safari zile zote akiwa dirishani, au kama aliamini kweli kwamba ananisaidia. La pili linaniuma zaidi.

Buko hashtakiwi uso kwa uso. Kuna mtu wa kazi hiyo, mshenga, yule aliyepeleka mali ya ndoa yangu na kunisemea nikiwa sina haki ya kusema. Nilikwenda kwake. Ni mzee mwembamba, anasikiliza huku amefumba macho. Nilipomaliza alisema, “Ukienda polisi, watauliza gari ni ya nani. Wa kwanza kulala kule ni weye, na risasi ni za vita. Ukienda kwa familia, watauliza kwa nini unasema mambo ya begi.”

“Basi niende wapi?”

“Kwa familia. Polisi haikukujua ukiwa bwana arusi.”

Tukakaa kwa baba mkwe, Jumamosi asubuhi: yeye, mshenga, buko na mimi. Mke wangu alileta maji akabaki amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mshenga alisema yote, vizuri kuliko mimi. Aliutaja mpira, bega, sikio. Baba mkwe alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, naye husikia kidogo; alisikiliza kwa kuweka kiganja sikioni. Kisha aliuliza swali moja tu.

“Hii begi, nani alikupa ruhusa ya kusema yenye iko ndani?”

“Baba, nilionyeshwa. Nyumbani kwangu.”

“Ulionyeshwa kama buko. Haukuonyeshwa kama shahidi.”

Buko alitazama sakafu, na kwa mtu asiyemjua alikuwa na sura ya mtu aliyetukanwa. Baba mkwe na mshenga wakasogea kando. Mshenga akarudi kwangu na hukumu. Ile silaha isipande tena gari langu; hilo wamelikubali. Na kwa kumtaja kaka wa mke wangu kuwa mwizi mbele ya baba yake, nilipe kuku.

“Mimi?”

“Weye.”

“Kuku mugani?”

“Jike.”

“Jogoo muzee haifae?”

Mshenga alifumba macho, akaenda, akarudi. Jogoo mzee alikubaliwa. Huo ndio ushindi wangu wote katika jambo hili, na ninauandika hapa ili usipotee.

Buko alisimama, akachukua begi lake, akaaga kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri. Nje alisimamisha pikipiki. Begi lilikaa kati yake na dereva bila shida yoyote, halikutokeza popote, na hakuna aliyegeuka kulitazama lilipopita. Wanasema alielekea upande wa Kolwezi. Kwa umbo, kwa kweli, ni kitu cha kusafiri nacho.

Tukiwa njiani kurudi, mke wangu alitembea mbele yangu mpaka karibu na nyumbani. Kisha bila kugeuka akasema, “Ile jogoo utaipeleka weye. Minye sitaikamata.” Aliingia ndani. Ni yeye aliyenipakia bukari baridi na maji asubuhi ya Jumatatu, ingawa sikuwa nimemwambia ninakwenda kufanya nini Kapolowe.

Nilisimamisha Canter mahali pa kila siku. Vikapu vilikuwa vimekwisha kupangwa kivulini mwa ukuta wa ghala, na akina mama walianza kuvinyanyua. Niliwaambia waviweke chini kwanza. Nikawaeleza. Sikuwa na mshenga, ikabidi nitumie mdomo wangu. Nilisema bunduki iliyowaibia ndiyo waliyoilisha vichwa vya samaki. Nilisema imelala chini ya kiti cha gari langu, imepita bariyeri kwa jina langu na kwa samaki wao. Nilisema mpira mwekundu niliufunga mimi. Nilisema sikujua, kisha nikasikia jinsi neno hilo linavyosikika mchana peupe, nikaliacha.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mmoja alinyanyua kikapu chake, akakitia kichwani, akaenda. Akafuata mwingine. Wa tatu alitema mate, siyo kwangu, pembeni, akaenda pia. Walienda bila kuharakisha, na mimi nilisimama pale nimeshika mlango wa nyuma wa gari langu kana kwamba upepo ungeuchukua.

Mjane alibaki, na wengine wachache nyuma yake. Alikuwa amegeuza sikio lake zima upande wangu wakati wote.

“Ungenyamaza tusingejua,” akasema.

“Najua.”

“Umesema kwa sababu gani?”

“Kwa sababu ulinipa pole ya giaboksi,” nikasema.

Alilifikiria. Aliuliza buko yuko wapi, nikamwambia. Aliuliza bunduki iko wapi, nikamwambia kwamba ndiyo shida yake, iko popote. Kisha akaifungua kabini upande wa abiria, akaingiza mkono chini ya kiti, mpaka begani, lile bega lililofungwa. Akatoa jeki. Akatoa kitambaa cha mafuta, spana mbili, kandambili moja ya mtoto wangu. Akainua zulia la sakafu. Akaniambia nifungue kisanduku cha mbele, nikafungua. Nifungue na chakula changu, nikafungua na bukari. Wenzake walitazama kila kitu kilivyotoka. Mimi nilisimama chini barabarani mikono imeachwa wazi, kama tunavyosimama wote mbele ya askari.

Alipomaliza akawaashiria, wakapakia vikapu vyao. Vilikuwa vichache, turubai sikulifungua hata. Nikaenda kufunga mlango wa nyuma, na niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha dirishani, kikapu chake kikubwa mapajani, uso mbele.

“Mama, wewe huwa unabaki,” nikasema. “Shamba je?”

“Shamba litangoja,” akasema. “Tangu leo mumoja wetu atakuwa anapanda. Endesha.”